Mchanga wa Bingwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zena alikuwa na kazi mbili: kufagia ua na kukoka moto wa kuchemshia chikichi. Mama yake, Bi Chausiku, alikamua mawese na kuyauza katika soko la Rumonge. Nyumba yao ilinukia mawese tangu mlangoni hadi kwenye shuka za kulalia. Rafiki yake Kabibi alimtania kwamba siku moja atasimama juani kwa muda mrefu na kuanza kukaangika. Zena alicheka, kwa sababu Kabibi naye alinukia dagaa na hakuna aliyemwambia.

Baba yake Zena alifanya kazi bandarini Bujumbura, mji ambao wazee bado waliuita Usumbura, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa Amuri, kaka yake Zena, kijana wa miaka kumi na minane. Zena alimwita Yaya, kama watoto wa Rumonge wanavyomwita kaka au dada aliyewatangulia kuzaliwa. Kazi ya Amuri ilikuwa ya hatari kidogo na ya sifa nyingi. Wavu uliponasa kwenye mawe chini ya ziwa, wavuvi walimwita, naye alizama na kuunasua kwa mikono yake. Mwaka ule alikuwa pia amewashinda waogeleaji wa Muhuta na wa Kigwena katika mashindano, mmoja baada ya mwingine.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1964. Sikukuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia, na mji mzima ulizungumza habari moja tu: nani atakuwa Bingwa wa Mwaka? Desturi hiyo ilianza miaka miwili nyuma, siku ile ile bendera mpya ilipopandishwa. Watu wa Rumonge walisema kwamba nchi yenye bendera yake lazima iwe na mashujaa wake, basi wakamchagua kipa wa timu yao na kumbeba mabegani hadi akaomba kushushwa. Tangu hapo walichagua bingwa kila mwaka, na kila mwaka waligombana.

Kwa kinyozi, sokoni na nje ya msikiti, ubishi ulikuwa uleule. Upande mmoja walimtaka Amuri. Upande wa pili walimtaka Léonard, mwendesha baiskeli aliyepakia vikapu vya dagaa alfajiri, akapanda vilima vya Muhuta, akafika Bujumbura dagaa wakiwa bado wabichi.

"Kuogelea iko kitu gani?" aliuliza kinyozi, wembe ukiwa hewani na mteja akiwa amefumba macho kwa woga. "Hata samaki anaogelea!"

"Na baiskeli je?" alijibu mtu kwenye benchi. "Weye muombe Léonard aache baiskeli, apande kile kilima na miguu. Tutaona nani iko bingwa."

Kura zilipigwa sokoni. Bwana Asmani, fundi cherehani aliyekuwa mkuu wa kamati ya sikukuu, aliweka vyungu viwili kwenye meza, kimoja cha Amuri na kingine cha Léonard. Kila mtu mzima alitumbukiza chikichi moja katika chungu cha mtu aliyemtaka. Zena alisimama njiani na kikapu cha mama yake, akawagawia chikichi wanawake waliokuja mikono mitupu. "Kwa Yaya Amuri, mama, murakoze," aliwashukuru kwa Kirundi, kwa adabu zote. Kamati ilimwona, ikacheka, ikageukia pembeni. Jioni chungu cha Amuri kilifurika, chikichi zikabingirika hadi chini ya meza, na Zena aliruka ruka mpaka kandambili zikamtoka miguuni.

Sasa yalibaki mambo mawili. La kwanza lilikuwa habari kubwa: mtu wa redio angekuja kutoka Bujumbura na mashine ya kunasa sauti, na sherehe ya Rumonge ingesikika nchi nzima. La pili lilikuwa desturi. Bingwa alitakiwa kuwashukuru watu, yaani kufanya mbele yao kile walichompendea. Kipa alidaka mipira. Muogeleaji angepelekwa kwa mtumbwi hadi mahali ambapo upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, haugusi chini, azame, kisha arudi juu na kuinua konzi ya mchanga kutoka sakafu ya ziwa. Bingwa asiyeshukuru angesemwa kwamba amekula chikichi za watu bure, na maneno hayo yangemfuata hadi kwa wajukuu.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo Zena alipoanza kuona mambo yasiyomfurahisha. Akimwita kaka yake kutoka upande wa kushoto, hakusikia. Wakati wa kula aligeuza kichwa, akamtegea mama yake sikio la kulia. Asubuhi moja, alipokuwa akikunja mkeka wa kaka yake, Zena aliona doa la njano penye kichwa, na lilikuwa na harufu mbaya.

"Ni sikio tu, linauma kidogo," Amuri alimwambia mama yao.

Bi Chausiku alifanya kile ambacho mama wote wa Rumonge walikifanya. Alipasha mawese yakawa ya uvuguvugu, akamlaza mwanawe ubavu, akammiminia sikioni. Mawese yaliponya mikono iliyopasuka, yaliponya kifua, kwa nini yasiponye sikio? Amuri aliuma meno, akashukuru. Usiku huo homa ikampanda.

Siku iliyofuata, baada ya shule, Zena alimfuata kaka yake ziwani. Amuri alikwenda peke yake kwenye mawe upande wa kusini, mahali pasipo na watu, ili ajaribu kuzama. Zena alikaa nyuma ya jiwe akamtazama. Maji yalikuwa maangavu, na mwili wake ulionekana vizuri ukishuka. Kisha ukasimama. Kisha ukaanza kuzunguka.

Zena alisubiri kaka yake apande, lakini hakupanda. Alipiga mikono na miguu kwa nguvu zake zote, na kila alipopiga alizidi kwenda chini. Alikuwa anaogelea kuelekea kwenye vilindi kama mtu anayekimbilia nyumbani. Zena alipiga kelele hadi koo likamkwaruza. Hakuna aliyemsikia. Hatimaye bega la Amuri likagonga jiwe, akalishika, akalipapasa, akapanda nalo polepole hadi kichwa kikatokea. Alijitupa juu ya jiwe na kutapika.

"Yaya! Yaya, umekuwa nini?"

Macho ya Amuri yalikuwa yakienda huku na huku. "Dunia iligeuka," alisema. "Maji yaliingia mu sikio, baridi, halafu nikapotea. Nilikuwa naona kama juu ndiyo huku, kumbe ni chini. Kama sikupata hili jiwe..." Kisha akamshika Zena mkono, akaubana. "Usimwambie mama. Usimwambie mutu yeyote."

"Lakini siku ya sikukuu utazama tena!"

"Nitaziba sikio na pamba. Iko mara moja tu, Zena. Watu wote wamenichagua. Mtu wa redio anakuja. Nikikataa, watasema nini? Baba atasikia huko Bujumbura kwamba mutoto wake ni mwoga. Niapie."

Zena hakutaka kuapa. Alikuwa anaogopa hata kuyatazama maji. Lakini alimpenda kaka yake, na hakuwahi kumwona akiomba kitu kwa sauti ile. Akaapa.

Tangu hapo Zena aliuacha ugali wake sahanini, na mama yake alipomuuliza alisingizia tumbo. Darasani mwalimu aliuliza swali, Zena akajibu swali jingine. Akifumba macho aliona ile miguu ikipiga maji na kwenda chini. Mbaya zaidi, mji wote ulikuwa na furaha. Wanawake walimsimamisha njiani, "Weye si ndugu wa bingwa?" wakambusu. Watoto wadogo walicheza mchezo wa Amuri, wakitumbukiza vichwa katika ndoo na kuinua konzi za udongo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewagawia watu chikichi. Kila alipolikumbuka hilo, alitamani kulia.

Alijaribu kumdokeza Bwana Asmani. Alimkuta akishona bendera ndogo za kupamba mwalo, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa.

"Baba Asmani, bingwa akiwa mgonjwa, anaweza kushukuru watu kwa njia ingine?"

Bwana Asmani alicheka bila kusimamisha cherehani. "Bingwa wa Rumonge hagonjwi, binti yangu. Mambo iko tayari. Nenda kamwambie kaka yako ale vizuri."

Akaenda zahanati. Muuguzi pale alikuwa Bwana Bahizire, mtu wa Kivu ya Kusini, mpole, ambaye kila mtu alimwita Dokta. Zena alisimama mlangoni akisokota ncha ya kanga yake.

"Dokta, mutu akiwa na usaha mu sikio, na akizama anaona dunia inageuka, iko ugonjwa gani?"

Bwana Bahizire aliacha kufunga bendeji. "Ndani ya sikio iko ngozi nyembamba, wanaiita ngoma ya sikio. Wazamiaji wengi inawapasuka. Ikipasuka, maji baridi yanaingia hadi ndani, na huko ndani ndiko mutu anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Huyo asizame hata mara moja. Na asitie mafuta sikioni, yataoza." Akamsogelea. "Ni sikio la nani, Zena?"

Zena alikumbuka kiapo chake. Akageuka akakimbia, na Bwana Bahizire akabaki amesimama mlangoni akimwita.

Siku ya Uhuru ilifika. Ngoma zilianza mapema, na mwalo ulijaa watu hadi kwenye majani ya michikichi. Bwana Bahizire naye alikuwepo na mkoba wake, kama kila sikukuu, na bado hakujua sikio lile lilikuwa la nani. Mtu wa redio alikuwa ameketi mezani na mashine yake, akiwa na jasho na fahari. Wanafunzi waliimba. Bwana Asmani alihutubia kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho. Léonard alikuja akampa Amuri mkono, na watu wakampigia makofi kwa uungwana wake.

Amuri alipanda mtumbwi. Zena aliona kipande cha pamba kimejaa katika sikio la kushoto, na aliona jinsi kaka yake alivyoshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, yeye ambaye zamani alisimama humo akicheza. Wavuvi wawili wakachukua makafi, mtumbwi ukaanza kuondoka.

Hapo Zena alijua kwamba hawezi kukitunza kile kiapo. Miguu yake ilitoka kwenye mstari wa wanafunzi kabla hajaiambia. Alipenya katikati ya watu hadi kwa mama yake, akamkumbatia kiuno.

"Mama, msimamishe! Sikio lake limepasuka. Akizama anapotea, anaogelea chini. Nilimwona! Aliniapisha, mama, nisamehe!"

Bi Chausiku hakuuliza neno. Aliingia majini na kanga yake mpya hadi magotini. "Rudisheni mutoto wangu! Amuri, rudi!"

Ngoma zilinyamaza. Bwana Asmani alinyanyua mikono, mtumbwi ukasimama, ukiwa umepita kidogo tu mahali ambapo upondo unagusa chini. Watu waliulizana kuna nini, na habari ikapita mdomo kwa mdomo, ikiharibika njiani: bingwa anaumwa, bingwa anaogopa, mama yake amemkataza. Kijana mmoja nyuma akacheka. Mwingine akapiga kelele, "Mwoga! Arudishe chikichi zetu!" Kicheko kikaenea mwaloni. Hao hao ndio waliokuwa wamefurisha chungu.

Amuri alisimama katika mtumbwi. Alimtazama mama yake, akautazama umati. Zena aliona uso wake ukiwaka kwa haya, akapiga kelele "Yaya, hapana!" Amuri akazama.

Vigelegele vilipaa. Mashine ya redio ilizunguka. Watu walinyoosha shingo wakiyatazama maji kando ya mtumbwi, mahali ambapo mkono wenye mchanga ungetokea. Wavuvi wawili nao waliinama wakitazama hapo hapo. Vigelegele vikapungua, kisha vikaisha, na maji yakabaki matupu.

"Atatokea," alisema mtu. "Iko na pumzi ndefu ule."

"Hatokei!" Zena alilia. Aliingia majini hadi kifuani, maji yakampiga kidevu. Hofu yote ya wiki nzima ilimtoka kwa sauti moja. "Musimutafute juu! Anaogelea chini! Anadhani chini ndiyo juu! Mufuate chini, upande wa vilindi!"

Wavuvi walitazamana, kisha wakatupa makafi na kuzama. Bi Chausiku alikuwa akitamka jina la Mungu bila kutoa sauti. Mvuvi wa kwanza alitokea mikono mitupu, akavuta hewa, akarudi. Wa pili hakutokea. Zena alisogea mbele zaidi, na mtu akamshika kwapa asichukuliwe na maji. Alikuwa Léonard.

Kisha maji yakafunguka mbali na mtumbwi, mbali kabisa kuelekea vilindini, na wavuvi wote wawili wakatokea wakiwa wamembeba Amuri katikati. Kichwa chake kilining'inia.

Walimfikisha ufukweni. Bwana Bahizire alisukuma watu, akamlaza kifudifudi, akaanza kumkandamiza mgongoni na kuachia, kukandamiza na kuachia. Mtu mmoja aliyekuwa karibu aliona mkono wa Amuri umefumba, na katikati ya vidole mchanga ulikuwa ukimwagika.

"Ameleta!" alipiga kelele. "Ameleta mchanga!"

Na kweli, wasioona vizuri huko nyuma wakaanza kupiga vigelegele.

Bi Chausiku aliinuka. Watu waliomfahamu kwa miaka mingi hawakuwahi kumwona na uso ule. "Nyamazeni!" alisema, nao wakanyamaza wote. Alipiga magoti, akavifungua vidole vya mwanawe kimoja kimoja, akaupangusa ule mchanga wote kwa kanga yake. Kiganja kilipobaki cheupe, Amuri alikohoa. Maji yalimtoka mdomoni na puani. Akakohoa tena, akavuta pumzi kwa mlio, na Zena akakaa chini pale pale matopeni akalia.

Amuri alilala zahanati kwa siku nyingi. Bwana Bahizire alimsafisha sikio, akamchoma sindano, akamwambia kwamba huenda ngozi ile ikafunga yenyewe, ila kuzama hatazama tena. Amuri alikubali kila kitu. Lakini Zena alipomletea uji, aligeukia ukutani. Hakumsemesha siku ya kwanza, wala ya pili.

Bwana Asmani alikuja kumtazama, kofia mkononi. Alikaa kwenye kiti kidogo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba.

"Huyu mutoto alikuja kwangu," alisema akimwonyesha Zena. "Aliniuliza, na mimi nikacheka, cherehani ikaendelea. Tulisema tunamheshimu bingwa. Kumbe tulikuwa tunaheshimu furaha yetu tu, yeye mwenyewe hatukumuuliza hata kama amelala vizuri. Kamati imekaa. Kuanzia mwaka ujao, bingwa atakaa kwenye kiti, na sisi ndio tutamshukuru."

"Na mawese nayo yabaki jikoni," alisema Bwana Bahizire kutoka mlangoni, akimtazama Bi Chausiku kwa upole. "Sikio likiuma, njooni hapa kwanza."

"Nimesikia, Dokta," alijibu Bi Chausiku. "Nilimtia sumu mwanangu kwa mkono wangu, nikidhani ni dawa. Nitawaambia na wenzangu sokoni."

Jioni mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu. Zena alitembea kichwa chini.

"Mama, Yaya hanisemeshi. Nilivunja kiapo mbele ya watu wote."

Bi Chausiku alisimama, akamshika mabega. "Ulichelewa kukivunja, mwanangu, hilo ndilo kosa lako. Nilikuuliza kwa nini huli, ukasema tumbo. Ukimwona mutu wako yuko katika hatari, sema, hata kama yeye mwenyewe amekuapisha, hata kama mji mzima unapiga makofi. Atakununia, ndiyo. Mwache anune. Anayenuna ni mzima."